Siku King'ora Kilipowapeleka Watu Mtoni

Nilibonyeza kitufe, king'ora kikalia, na watu wa Kanyosha wakakimbilia ndani ya mto.

Niliwaona kwa macho yangu kutoka mlangoni mwa kibanda cha kazi, saa tisa za mchana, mwanga wa kutosha, hakuna cha kusingizia. Wamama wenye watoto mgongoni, wazee wameshika viatu mkononi, wote wanateleza kwa makalio kwenye ule ukingo mwekundu, wakifika chini wanajibana kwenye mawe, vichwa vimeinama. Aliyezubaa juu alivutwa na wenzake: shuka we, shuka! Na mimi nilikuwa najua, maana kujua ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kwamba mvua iliyopasuka milimani ilikuwa tayari njiani, na pale walipolala wao ndipo itakapopita.

Jirani yangu Mama Dezire alikuwa katikati yao, kitindamimba wake mgongoni. Aliniona nimesimama juu wazi kama mlingoti. Akanipungia mkono kwa hasira, kama mtu anayemwita mtoto mkaidi.

"Mama Hadija! Unangoja nini hapo? Kuja! Watakupiga!"

Alidhani ni risasi. Wote walidhani ni risasi.

"Maji!" nikapiga kelele. "Apana risasi! Ni maji! Pandeni!"

King'ora kilikuwa juu ya kichwa changu. Sauti yangu haikufika hata kwenye miguu yangu mwenyewe.

Hapo nisimame kidogo nirudi nyuma, maana nikiendelea hivi mtasema huyu mama kazi yake kulia tu, na mimi sikushika kalamu ili nilie.

Ninyi vijana mlioshika kazi yetu ya kupima mito na kuonya watu, nimesikia mna vipimo vinavyojisoma vyenyewe, na simu inayotuma ujumbe kwa karitye nzima, mtaa mzima, kwa mara moja. Vizuri. Sina wivu. Mimi nilisoma hadi darasa la nne kule Buyenzi, nikatoka nikaenda kuchoma maandazi na mama yangu. Haya ninayoandika binti yangu Hadija ananisahihishia herufi tu, maneno nimemkataza asiyaguse.

Nawaandikia kwa sababu kuna karatasi. Katika ofisi yetu ya zamani imo ripoti inayosema kwamba siku ile watu wa Kanyosha walipewa onyo kwa wakati, wakakaidi. Aliyeiandika anaitwa Onesfori, alikuwa shefu wetu, mkuu wa ofisi. Aliyetia sahihi chini yake anaitwa Astere, msimamizi wa mradi wa ving'ora. Majina yao nayaweka hapa mapema ili mjue naelekea wapi. Watu wale hawakukaidi. Walitii, masikini, walitii kuliko watu wote niliowahi kuwaonya. Ile sentensi nataka itoke.

Sasa kazi yenyewe.

Niliipata kwa sababu ya nyumba. Mume wangu alikuwa mwashi, akatujengea kule Kanyosha chumba na sebule karibu na daraja. Ofisi ilitaka mtu anayekaa karibu na mto, asiye mlevi, anayejua kusoma tarakimu. Wakaja wakauliza kwa majirani, majirani wakasema yule Mwislamu wa pale hanywi. Nikaajiriwa kwa kutokunywa. Kipimo chenyewe ni ubao uliochorwa sentimita kama rula ya mwanafunzi, umepigiliwa kwenye nguzo ya daraja, nao unasimama majini mwaka mzima. Asubuhi unasoma, jioni unasoma, mvua ikinyesha unasoma kila mara, unaandika.

Aliyenifundisha ni muzee Salvatori. Yeye alikaa milimani, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kule alikuwa na ndoo ya kupimia mvua, na foni, ile redio ya kuitana. Mvua ikizidi kule kwake, alinipigia foni. Mimi huku nilikuwa na janti ya lori, lile duara la chuma linalobeba tairi, imening'inizwa kwenye nguzo ya chuma, na nyundo. Mbili mbili polepole, ngo-ngo, kimya, ngo-ngo: maji yanakuja, toeni vitu chini. Mfululizo bila kupumua: acheni vitu, tokeni. Watoto wa karitye walikuwa na wimbo wao kwenye mlio huo. Hata kuku, nadhani, walijua.

Siku ya kwanza Salvatori alinichuchumaza kwenye ukingo akaniuliza: "Unaona ngapi?"

"Themanini na mbili, muzee."

"Shuka karibu."

Nikashuka mpaka maji yakafika magotini.

"Sasa?"

"Sabini na nne."

"Basi ukisoma kwa kuogopa kulowa, muto nao utakudanganya kwa sababu ya uvivu wako. Jicho liwe sawasawa na maji. Ukiangalia kutoka juu unasoma woga wako."

Nililishika hilo nusu. Msimu wangu wa pili, siku moja ya mvua, nilisoma kipimo kikapanda ghafla, roho yangu ikapanda nacho, nikapiga janti mfululizo. Watu walitoka wote. Walibeba magodoro, masufuria, mbuzi. Kulikuwa na bwana mmoja fundi seremala aliyeng'oa mlango wa nyumba yake akaubeba kichwani, alisema vitu vingine vitapatikana lakini mlango ule ni libuyu, mbao ya thamani. Tulikaa juu kanisani saa nzima. Jua likatoka. Mto uko vilevile, unachekelea.

Nilipokwenda kutazama nikakuta bunda la majani na matawi limenasa kwenye ubao, maji yamejikusanya nyuma yake yakapanda pale tu, sehemu nyingine zote yamelala. Wiki mbili niliitwa Mama Gharika. Mama Dezire, aliyekuwa anauza makaa mlango wa pili na mimi, kila asubuhi alinisalimia: "Mama Hadija, leo tunahama saa ngapi? Niambie mapema nifue mashuka."

Nikamwambia Salvatori kwenye foni nataka kuacha. Akacheka mpaka redio ikakwaruza.

"Sikiliza, mwanangu. Ukikosea kwa kuwatoa bure, watakutukana wiki mbili. Ukikosea kwa kunyamaza, hatabaki wa kukutukana. Chagua matusi."

Lakini hakuniacha hivyo. Jumapili aliteremka kwa miguu yake, akanishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba. Tuliomba radhi, tukawaeleza lile bunda la majani, tukawapeleka wachache darajani wakaliona. Tangu siku ile, nikipiga janti, hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Vijana, hiyo haimo kwenye kitabu chenu cha mafunzo, nimeuliza. Onyo likikosea, nenda kesho yake ukaseme limekosea wapi, usijifiche ofisini.

Jambo la pili alilonipa ni hili: mvua ikinyesha mlimani na mto ukapungua, kimbia. Usishukuru. Maana yake mlima umemomonyoka ukaziba mto juu kule, na maji yanajipanga nyuma ya tope kama watu kwenye foleni. Tope likiachia, wote wanaingia kwa mara moja. "Muto ukinyamaza wakati wa mvua," aliniambia, "unavuta pumzi."

Kisha vita ikaja, na hapa lazima mnisikilize vizuri, maana kosa lote limelala hapa.

Milima iliyo juu yetu ndiko vita ilikotoka. Risasi zilishuka kutoka juu. Mtu wa mjini aliyezoea amani, akisikia hatari anasema panda mlimani. Kwetu sisi mlimani ndiko kifo kilikokaa. Tukajifunza mahali pengine: korongo la mto. Kingo zake ni ndefu kuliko nyumba, ukilala chini kule risasi zinapita juu zikilia kama nyuki, hazikugusi.

Mama Dezire ni mimi niliyemfundisha. Mara ya kwanza milio ilipoanza karitye yetu, alisimama uani na mwiko mkononi, hajui aingie ndani au atoke. Nilimkamata kwa khanga nikamburuta mpaka korongoni. Tulilala kwenye mchanga mpaka kukatulia, yeye na rozari yake, mimi na tasbihi yangu, na mwiko wake wa ugali katikati yetu. Aliponyanyua kichwa akaapa kwa lugha ya nyumbani: "Yampaye inka, ugali umeungua." Tulicheka mpaka wenzetu wakakasirika.

Baada ya hapo ikawa desturi. Milio ikianza, watu wanakuja mbio mpaka ukingoni, na kabla ya kushuka wanauliza, kwa sababu mimi ndiye mwenye mto: "Mama Hadija, unalala?"

Nikisema unalala, wanashuka. Siku mbili tatu nilisema umeamka, na walikaa kwenye mtaro wa barabara, vichwa chini, hata kama risasi zilikuwa karibu. Waliniamini hivyo. Miaka yote ile, mto haukuchukua mtu, na risasi zikachukua wachache kuliko karitye nyingine. Sijisifu, nataka tu mjue kilichokuwepo kabla hakijaharibiwa.

Foni yetu ilikufa kwa sababu ya mia moja na ishirini. Siku moja militeri, askari wa serikali, walikuja kibandani wakanikuta nazungumza na Salvatori.

"Nani huyo unamwambia mia na ishirini?" akauliza mkubwa wao.

"Ni mto, afande."

"Muto iko na jina ya mia na ishirini?"

"Apana afande, ni urefu wake."

"Na huyu wa mlimani anasema thelathini zimeshuka. Thelathini wa nani?"

"Milimita, afande. Za mvua."

Akamgeukia mwenzake: "Umesikia? Wanajiita Milimita."

Walichukua foni. Nashukuru hawakunichukua na mimi. Kwa Salvatori walikwenda wengine, waasi wa upande ule mwingine, nao wakachukua ya kwake, wakisema anapeleka habari mjini. Basi kila upande ukawa na foni moja ya kuongea na mto, na mto ukabaki bila.

Nikadhani kazi imekwisha. Kama siku kumi baadaye, mawingu yamejaa mlimani, nikaona kigogo cha mgomba kinaelea kinakuja, kimepakwa chokaa nyeupe. Sikukitilia maanani. Jioni mto ukapanda. Mara ya pili nikaona vigogo viwili vimefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, vyeupe kama meno, na kabla sijamaliza kujiuliza maji yakawa shingoni mwa daraja. Ndipo nikaelewa. Muzee yule, mvua ikianza tu kujaza ndoo yake, alitupa kigogo mtoni mapema, kabla maji makubwa hayajajikusanya. Kimoja: mvua nzito. Viwili: piga janti. Mto wenyewe ukawa foni yetu, na hakuna afande aliyewahi kukamata mgomba.

Tulifanya kazi hivyo miaka. Salvatori alikufa kwa homa kitandani mwake. Wakati ule kufa kitandani tuliona kama cheo.

Sasa nifike kwa Onesfori.

Vita ilikuwa inaelekea mwisho mjini, ingawa kwetu Kanyosha ilikuwa bado inarudi kama mgeni asiyejua kuaga. Ndipo tukasikia redioni bahari imeinuka huko Asia, imekula watu wasio na hesabu. Walieleza kwamba kwanza bahari ilirudi nyuma, watu wakatembea kwenye mchanga kuokota samaki. Nilizima redio. Nikamwambia mume wangu: hiyo naijua. Hiyo ni mto unaovuta pumzi.

Baada ya hapo dunia nzima ikataka king'ora, na sisi tukaletewa mradi. Injinia alikuja kutoka nje, mtu mpole, akatukusanya ofisini akatuchorea ubaoni jinsi nchi za pwani zinavyojilinda. Chini kabisa ya bahari kinalala chombo kinachosikia uzito wa maji juu yake. Tetemeko likitokea na maji yakinyanyuka, uzito unabadilika, chombo kinatuma habari kwenye boya linaloelea, boya linairusha kwenye setilaiti, setilaiti inaishusha kwenye kituo. Kituoni watu wamekaa mchana kutwa na usiku kucha, wanalinganisha na habari za tetemeko, wanapiga hesabu wimbi litafika wapi na baada ya muda gani. Halafu serikali inatangaza, ving'ora vinalia pwani, na watu wanapanda juu.

Nilisikiliza nikajikuta natabasamu. Salvatori ndiye chombo cha chini ya bahari. Kigogo cha mgomba ndilo boya. Mimi na hesabu zangu za vidole ndio kituo. Janti ndiyo king'ora. Nilikuwa nafanya kazi ya tsunami miaka kumi na tano bila kujua jina lake.

Yule injinia, Mungu ampe heri, aliuliza swali la mwisho, na ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. "Watu wa Kanyosha wakisikia king'ora, wanakwenda wapi?"

Nikanyoosha mkono.

Onesfori akajibu kabla yangu: "Wanapanda mlimani, kama watu wa kila mahali."

"Shefu, apana," nikasema. "Kwetu..."

"Mama, keti. Mgeni anawahi ndege."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Onesfori hakuwa mtu mbaya wa kuchukia watu. Alikuwa amechoka na ofisi ya vigogo vya migomba. Alitaka siku moja tuwe kama wengine. Lakini alikuwa anakaa Kinanira, juu, ambako maji hupita kwenye bomba tu, na hakuwahi kulala korongoni hata dakika moja.

Mlimani waliweka kipimo kinachojisoma chenyewe na kutuma ujumbe kwenye simu. Kwangu wakaweka king'ora juu ya kibanda. Siku kinafungwa, janti iliteremshwa. Nikamfuata Onesfori ofisini kwake.

"Shefu, nirudishieni janti, hata kwa msimu huu mmoja."

"Ile chuma inatuaibisha mbele ya wageni, mama."

"Watu hawajafundishwa king'ora."

"King'ora ni king'ora. Hata mutoto anajua."

"Anajua nini, shefu?"

"Anajua kuna hatari."

"Ndiyo. Hatari gani? Kwetu kinacholia hivyo ni gari la militeri, na nyuma yake risasi. Wakisikia watashuka mtoni."

Akaniangalia kama mtu anayesikia utani kilioni. "Hakuna mutu mwenye akili atakimbia mafuriko kwa kuingia mtoni. Weye umesoma darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi."

Nikaenda kwa Astere. Kwenye mpango wa mradi kulikuwa na zoezi: kabla ya mvua, watu wakusanywe, wasikilizishwe king'ora, watembezwe njia ya kupita. Nikamwuliza zoezi ni lini. Akasema kuna risasi huko kwenu, hawezi kupeleka watu wake, tuliza moyo, tutalifanya. Wiki mbili baadaye nilipeleka daftari langu la vipimo ofisini, nikaona mezani karatasi ya mradi. Zoezi limefanyika, imeandikwa. Sahihi mbili, ya Onesfori na ya Astere. Niliisoma mara tatu nikidhani ni darasa langu la nne linanidanganya.

Na janti yangu? Ilikuwa mlangoni mwa ofisi, wameijaza udongo, wamepanda maua.

Mnajua sasa yaliyofuata. Ile siku, mvua ilikuwa mlimani, huku kwetu ni mawingu tu. Nilikwenda kusoma kipimo, nikakuta mto unashuka. Mia, tisini, themanini, huku milima imefunikwa nyeusi. Wakati huohuo simu ikalia, ujumbe wa mashine: hatari, onya. Mashine haikukosea hata chembe. Hilo nawaambia ili msichukie mashine. Kila kitu siku ile kilifanya kazi kama injinia alivyokichora, kuanzia juu mpaka kwenye kitufe.

Nilisita. Liandikeni hilo. Nilijua king'ora kinamaanisha nini masikioni mwa watu wangu, lakini sikuwa na janti, na kupita nyumba kwa nyumba hakukuwa na muda. Nikajiambia wataniuliza kama mto unalala, kama siku zote, nami nitasema umeamka. Nikabonyeza.

Hawakuuliza. Kwa mlio ule, mtu angeuliza nini, na nani angesikia jibu? Mama Dezire pekee, baada ya kuniita, nilimwona midomo yake inalitengeneza lile swali letu. Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono yote miwili. Yeye akapunga mkono wake, akainamisha kichwa.

Nikaingia kibandani nikakizima. Nikashuka ukingoni kwa mgongo, nikamshika wa kwanza, nikampiga kofi, nikasema maji! Yule alielewa, akamshika wa pili. Nusu yao walipanda. Walikanyagana, lakini walipanda. Mama Dezire alikuwa mbele zaidi, kwenye lile jiwe kubwa tulilozoea, mimi na yeye. Nilikuwa nimebakiza hatua kama ishirini. Nilisikia kwanza mawe, mlio kama malori yanamwaga kokoto. Aliinuka akanitazama. Sikuona uso wa hofu, nawaapia, niliona uso wa mtu anayeshangaa kwamba nimemdanganya.

Mimi nilikutwa chini ya daraja, mkono wangu wa kushoto umepinda kwenye nguzo, mpaka leo haunyooki. Yeye walimpata kwenye matete karibu na ziwa, mto unakoishia. Mtoto alikuwa bado mgongoni, khanga haikufunguka. Alikuwa amemfunga vizuri. Wapo na wengine, majina yao ninayo, kila familia nimewauliza, hawataki yaandikwe na mtu mwingine isipokuwa wao.

Siku ya tatu Baba Dezire, mume wake, alikuja hospitali kunitazama. Alinimenyea ndizi kwa sababu ya mkono wangu. Halafu akaniambia: "Ofisini wanasema mke wangu alikaidi. Mama Hadija, alikaidi nini?"

Niliiweka ile ndizi chini.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa Onesfori nikamwambia abadilishe ile ripoti. Akasema ripoti imeshakwenda, na tena, mama, tukisema watu hawakufundishwa, mradi utafungwa, na vituo vingine vitakosa ving'ora, wengine watakufa. Alisema kwa upole. Alikuwa karibu kulia, nakubali. Miezi michache baadaye wakanipumzisha kazi kwa sababu ya mkono. Astere sasa ameshika mradi mwingine, mkubwa zaidi, anafundisha watu kuonya.

Kwa hiyo ninyi vijana, kabla hamjagusa hizo simu zenu, vaeni viatu. Tembeeni na watu njia wanayokimbilia, mchana, wakati wa amani. Waulizeni wamama, siyo machifu: ukiogopa unakwenda wapi? Usiulize angepaswa kwenda wapi. Mtu akiogopa haendi anakopaswa, anakwenda alikopona mara ya mwisho. Na mkibadilisha mlio mmoja, hata kama ule wa zamani ni mbaya na una kutu, uacheni ulie pamoja na mpya mpaka watoto watunge wimbo wa huo mpya.

Hayo ni yenu. Lililobaki ni la wale wawili.

Onesfori, umestaafu, uko hai, unakwenda misa ya pili kila Jumapili. Astere, najua unasoma, watu watakuletea karatasi hii. Sitaki mfungwe. Sitaki muombe radhi kwangu, mimi nilibonyeza na nina hesabu yangu na Mwenyezi Mungu. Nataka mje Kanyosha, mchana, msimame mbele ya Baba Dezire na wale wengine, na mjibu: zoezi mlilotia sahihi lilifanyika siku gani, na nani alikuwepo?

Tajeni mtu mmoja. Mmoja tu aliyesikia kile king'ora kabla ya siku ile, akaambiwa maana yake. Mkimpata, nitasema mbele ya wote kwamba Mama Dezire alikaidi. Msipompata, mchukue kalamu palepale, mbele ya mume wake, mfute ile sentensi.